Kidole cha Nekesa

Baba Nekesa,

Sitakuuliza hali. Ulikufa ugomvi wetu ukiwa katikati, na unanijua, mimi siachi maneno yangu njiani. Leo nimefunga bucha mapema, nimenawa damu mikononi, nimeketi hapa nje kwenye benchi uliyoipiga misumari mwenyewe, na nitakuambia yote. Ulipokuwa hai, ukichoshwa na mdomo wangu ulikuwa unaenda kukaa na mbwa wako. Sasa huna pa kwenda. Tulia unisikilize.

Nimekukasirikia sana. Wanawake wa kanisani wananiambia mjane hulia kwa huzuni, si kwa hasira, na wananishika mabega wakiniombea roho itulie. Haitulii. Kuna asubuhi naamka nikitaka kukukaba koo, halafu nakumbuka kwamba hilo koo tumeshalizika, na hapo ndipo machozi yanapokuja. Basi nalia huku nimeuma meno, nachukua shoka, naenda kupasua mifupa ya ng'ombe. Wateja wanasema siku hizi nyama yangu inakatwa vizuri.

Mchana ulikuwa fundi wa mawe, lakini mtaa wetu wa Kimumu hapa Eldoret haukukujua kwa mawe. Walikujua kwa mbwa. Watu walitoka hata Elgon View kwa matajiri na magari yao makubwa, wakainama kupita kwenye geti letu la mabati, wakabembeleza wapewe mtoto mmoja wa Malkia, lile jike lako, kwa sababu mbwa aliyetoka kwa Wafula hakuwa na mchezo. Na mimi nilijua vile ulivyowatengeneza. Ulimfungia mbwa kutwa nzima kwenye kibanda kisicho na dirisha. Ulimtilia pilipili kwenye ugali. Ulimchokoa kwa fimbo kupitia nafasi za mbao mpaka akachukia kila chenye miguu. Ikifika jioni unafungua, na majirani wanaita watoto wao ndani. Nilikuambia hiyo ni jela, si ufugaji. Ukacheka ukasema, "Mama Nekesa, wewe uza nyama. Mambo ya mbwa niachie mimi."

Kila mwaka maafisa wa mifugo walikuja na chanjo ya kichaa cha mbwa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Ilikuwa ya bure. Chifu alitangaza, wachungaji walitangaza, na siku yenyewe watu walitoka wakivuta mbwa kwa kamba, wengine wamebeba paka ndani ya magunia yanayorusha mateke. Nawe ulisimama pale njia panda, mikono kiunoni, ukiwacheka. "Peleka tu! Mbwa akidungwa hiyo kitu anakuwa kondoo. Mwizi akikuja, atamkaribisha chai." Watu waligeuka, Baba Nekesa. Niliwaona kutoka dirisha la bucha. Kiprono wa hapa nyuma yetu aligeuka na mbwa wake na kamba yake, akasema kama mtaalamu mwenyewe hapeleki, yeye ni nani. Hukuwa na roho mbaya. Uliamini kabisa kwamba ukali uko kwenye damu na sindano inaumaliza, na watu walikuamini kwa kuwa mbwa wako walikuwa wakali kuliko wote. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu ungekuwa mjinga tu wangekupuuza.

Halafu Kapteni. Huyo ulimlea ndani ya jiko langu, kwenye gunia, ukampa maziwa kwa chupa ya soda Malkia alipomkataa. Wakati wa kupanda mahindi alirudi asubuhi moja na pua iliyochanika, amepigana na mbwa koko huko mtoni. Ulimpaka mafuta machafu ya gari ukamsifu. Baada ya muda akaacha kula. Akawa anatafuna mawe, anauma mlango wa kibanda mpaka fizi zinatoka damu. Mwishowe taya likalegea, mdomo ukabaki wazi, mate yakawa yanashuka bila kukatika na sauti yake ikageuka. Nawe ukaamua, bila kuuliza mtu, kwamba amekwamwa na mfupa kooni. Tena mfupa wa kutoka kwangu. "Ni hiyo mifupa yako ya mbuzi," uliniambia baadaye. Si wewe tu. Hapa kwetu kila nyumba yenye mbwa inajua hivyo: akiachama na kudondosha mate, ana mfupa, na mwanaume wa boma anatia mkono na kuutoa. Tumelelewa tukiona ndiyo kazi yenyewe. Siku hiyo nilikuwa mnadani kununua ng'ombe, nawe ukaingiza mkono mpaka kwenye kifundo.

Hakukuwa na mfupa. Kulikuwa na meno.

Niliporudi nilikuta umefunga mkono kwa kipande cha fulana. Ulikuwa umechoma nywele za Kapteni, ukapaka jivu lake kwenye kidonda na kumwagia mafuta taa. Nilikuambia twende hospitali. Ukasema umeumwa na mbwa tangu ukiwa mtoto. Nilikuambia basi angalau unawe kwa sabuni. Ukasema jivu litatoka. Nilikurushia mfupa wa goti, ukainama, mfupa ukapita juu ya kichwa chako na kuvunja kioo cha kabati, tukanuniana mpaka Jumapili. Nekesa naye alikuwa na kitambaa kwenye kidole gumba. Nilipomuuliza akasema amejikata na kisu akimenya viazi. Nikamgombeza yeye pia, kwamba binti wa muuza nyama anashindwaje kushika kisu.

Kesho yake Kapteni alivunja mlango. Alimrarua ndama wa Kiprono pua, akamkimbiza mama mmoja mpaka akaanguka mtaroni, na pale njia panda vijana wakamzunguka kwa mawe na rungu. Hakukimbia. Alisimama akiyumba, akaliuma jiwe la kwanza lililompata. Kiprono ndiye aliyemmaliza kwa panga. Ulifika mambo yameisha, na badala ya kumshukuru ulimrukia, mkaangushana kwenye matope, ukamvunja jino la mbele kwa ngumi ya ule mkono uliofungwa kitambaa. Watu wazima, baba za watoto. "Mumeniulia mbwa bure! Alikuwa na mfupa tu!" Ukamzika Kapteni nyuma ya nyumba na kumwekea mawe juu. Hakuna aliyempigia simu daktari wa mifugo. Ndama alikufa baadaye, amelia mpaka sauti ikakauka, na bado ulisema amekula majani mabaya.

Wakati wa palizi ulianza kusema mkono unawasha ndani kwa ndani. Uliacha kulala. Ukawa unamfokea Nekesa kwa kufunga mlango tu. Asubuhi moja nilikupa chai, ukaitazama, na koo lako likajikunja mbele yangu kabla kikombe hakijafika mdomoni. Ukakirusha ukutani. Nilidhani umeanza tena ugomvi, nikafungua mdomo nikujibu, kisha nikaona macho yako. Sijawahi kukuona ukiogopa kitu, hata siku majambazi walipoingia ploti ya jirani. Siku hiyo ulikuwa unaogopa chai.

Ya hospitalini sitaandika yote. Lakini mengine nitayaandika, kwa sababu kuna watu hapa mtaani wanaosema ulirogwa, na mimi nilikuwepo. Mlango ukifunguliwa, ule upepo mdogo tu ulikukunja mwili mzima. Ulimrukia muuguzi. Wanaume wenye nguvu walikulalia miguu na mikono, wakakufunga kitandani kwa shuka, ukauma shuka, ukauma ulimi wako, mate yenye damu yakanipiga usoni. Na ulikuwa na kiu. Uliomba maji kwa sauti ya mtoto, na maji yakiletwa unapiga nduru mpaka wagonjwa wa vyumba vingine wanalia. Daktari, binti mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho, alinitoa nje akanieleza taratibu kwamba mtu akishafika hapo hakuna dawa ya kumrudisha. Dawa ilikuwa siku ile ile ya kuumwa: sabuni na maji ya mfereji robo saa nzima, halafu sindano. Kisha akaniuliza ni nani mwingine aliyemshika huyo mbwa. Nikamwambia hakuna.

Ulinisikia. Mlango ulikuwa wazi. Ilikuwa moja ya zile nafasi fupi ambapo akili ilirudi, ukawa Wafula kabisa, umelowa jasho, midomo imepasuka. Uliniita kwa jina langu la usichana, ambalo hukulitumia tena tangu mtoto azaliwe.

"Nasimiyu. Nekesa alishika kichwa. Kile kidole si kisu."

Nilikupiga kofi. Nilijua umefungwa, nilijua unakufa, na nilikupiga kwa nguvu zangu zote, mpaka muuguzi akanivuta nyuma. Uligeuza uso, ukasema, "Kimbia." Nikakimbia.

Niliruka kwenye bodaboda nikiwa na viatu vya bafuni. Niliingia darasani kwa Nekesa bila kubisha, nikamtoa kwa mkono mwalimu akiwa bado anaandika ubaoni. Hospitalini walimdunga mkononi, halafu nyingine wakaiingiza polepole pale pale kwenye kovu la kidole gumba. Aliruka, ikabidi nimlalie. "Mama, sikufanya kitu! Baba alisema nisiseme!" Nilimlalia kifua chote, nikaushika mkono wake nilivyozoea kushika mguu wa mbuzi, huku sindano ikiendelea. Yule muuguzi wako akaja akasimama mlangoni. Alinitazama na kutikisa kichwa. Nilielewa, na sikumwachilia mtoto. Watu wananiuliza kama nilikuwa kando yako ulipokata roho. Hapana, sikuwepo. Nilikuwa nafanya kazi uliyonituma.

Nami nilidungwa, kwa ajili ya mate yako usoni. Daktari akaniambia sindano ni za awamu na hakuna hata moja ya kukosa. Nikamuuliza kama mtoto atapona. Akasema Nekesa bado si mgonjwa, na kwamba tungekuja siku ile ile ya kuumwa angeniahidi kwa moyo mweupe, lakini zilikuwa zimepita wiki nyingi, kwa hiyo amalize dawa yote na tungoje. Mwaka ukipita salama, nipumue. Fikiria, Baba Nekesa. Nilikuzika nikiwa sijui kama nitarudi kuchimba shimo lingine dogo kando yako.

Sasa nikuambie kilichotokea kwenu Kimilili, maana najua umesikia ya upande mmoja. Tulikuzika vizuri. Nililala chini kama wajane wengine, nikafanya kila nilichoambiwa. Lakini siku ya kunyolewa iliangukia siku ya sindano ya Nekesa, na zahanati ya hapo kijijini haina dawa ya aina hiyo. Nikaomba ruhusa twende Eldoret turudi. Kaka yako Barasa akasimama mbele ya watu wote akasema mke wa marehemu hatoki bomani kabla ya kunyolewa, kwamba akitoka na nywele zake anawabebea kifo walio hai. Tena akasema, "Sindano ya nini na mtoto anacheza? Kuna mzee hapo ng'ambo anatoa sumu ya mbwa na miti shamba." Mila siichukii, unajua. Nilitaka kunyolewa. Nilitaka watu wanikalishe katikati na wanililie. Lakini Barasa alimshika Nekesa mkono akaanza kumvuta kuelekea kwa huyo mzee.

Wanaume walikuwa wanakatakata nyama ya fahali hapo kando. Nilinyakua kisu. Nikamwambia, "Shemeji, achilia mtoto. Mimi nakata ng'ombe mzima kabla ya saa sita, na wewe hata mafuta huna." Alidhani natania. Nilimchana mgongo wa mkono, damu ikaruka kwenye gauni la Nekesa, wanawake wakapiga mayowe. Nilimbeba mtoto mgongoni, mkubwa vile, nikatoka mbio mpaka barabarani, na dereva wa lori la mahindi akasimama bila kuuliza kwa nini nina kisu. Nyuma yangu waliita kwamba nimekimbia kaburi la mume wangu. Ndiyo, nililikimbia. Sindano ilidungwa siku hiyo hiyo.

Kurudi Kimumu nikakuta vita. Habari zilikuwa zimeenea kwamba Wafula ameuawa na mbwa, na wale wale waliocheka nawe njia panda sasa walikuwa wanaua kila kinachobweka. Walitupa matumbo yenye sumu vichochoroni. Mbwa walikufa wakijipinda kwenye mitaro, na paka waliokula mabaki wakafa nao. Mama mmoja mjane, ambaye hakukusikiliza na kila mwaka alimpeleka wake achanjwe, walimuulia mbwa wake mlangoni kwa mashoka huku amewaonyesha cheti. Kundi lile lilipokuja upande wa bucha nilitoka na ndoo ya maji niliyooshea damu ya siku nzima, nikawamwagia wote kichwani. Nikasimama na shoka langu, nikawauliza nani anataka kuwa wa kwanza kwenye gogo. Walirudi nyuma, wananuka. Vijana hao bado wananiogopa, na wakija kununua nyama wananiamkia shikamoo Mama.

Mbwa wako sikuweza kuwaokoa. Malkia na wanawe wawili walikuwa wamelala kibanda kimoja na Kapteni, aliwauma kwenye giza lile ulilowajengea, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuchanjwa. Daktari wa mifugo aliniambia wazi kwamba hatuwezi kuwaacha. Niliomba nimshike Malkia mwenyewe. Aliweka kichwa kwenye paja langu, yule mbwa uliyeniambia hana upole, akanilamba goti juu ya gauni. Sindano ya kwanza maishani mwake ilikuwa ya kumuua. Nilivunja kile kibanda kwa shoka mpaka ubao wa mwisho na kukichoma moto, na nilikutukana mbao zote zikiwaka.

Baridi ya Agosti ikaja. Asubuhi moja Nekesa akasukuma kikombe. "Mama, koo inaniuma. Siwezi meza." Sijui nilifikaje hospitali. Nakumbuka nilimpiga teke mlinzi aliyeniambia nipange foleni, na nakumbuka nilikuwa nakulaani kwa sauti, kwa jina lako lote, kwenye ukumbi uliojaa watu. Yule daktari binti alitoka, akamfungua mtoto mdomo, akamulika. Akaitisha maji. Nilifumba macho. Nilisikia Nekesa akimeza, tena akimeza, akilalamika kwamba yanauma. "Ni mafindofindo, Mama Nekesa," daktari akasema. Nilikaa sakafuni pale pale nikalia mpaka kamasi zikaingia mdomoni, na Nekesa akaniomba nisimwaibishe.

Januari wenye chanjo walirudi shuleni. Nilisimama pale pale uliposimama wewe, kwenye njia panda, na karai la mifupa kichwani. Unajua shida ilikuwa nini? Mbwa wako. Wajukuu wa Malkia wametapakaa Kimumu nzima, na wenyewe hawawezi hata kuwavisha kamba, wanawatupia chakula juu ya ua. Wengi walitaka kuwaacha nyumbani tena. Lakini wote hao walikula kwa mkono wangu wakiwa wadogo, na hakuna hata mmoja aliyesahau harufu yangu. Niliingia boma hadi boma, nikawafunga midomo kwa kitambaa, nikawatoa. Mmoja alinirarua mkono. Niliunawa kwa sabuni kwenye mfereji wa shule mbele ya watu wote, robo saa, nikiwasimulia kwa nini nafanya hivyo na kwa nini wewe hupo, kisha nikaenda kudungwa tena. Paka wa bucha alienda ndani ya karai lililofunikwa kwa sufuria, akanitukana njia nzima.

Kiprono alikuja na pengo lake. Alikuwa na haki ya kunitemea mate. Alishika kamba upande wa pili, tukafanya kazi pamoja mpaka jua likawa kali. Kuna karani mmoja alisimama kando akaanza ile hadithi yako ya kondoo, na mbwa wa Kiprono, aliyetoka kudungwa sasa hivi, akamrarua suruali kuanzia kiunoni hadi kwenye goti. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilicheka pia. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu ufe, na nilikutafuta kwa macho nikuonyeshe.

Mtoto wako ameomba mbwa. Nilikataa, nikapiga meza, nikasema ndani ya boma hili hakuna mbwa mpaka Yesu arudi. Akaniambia, "Mama, Kapteni alikuwa mgonjwa tu. Hakuna mtu alimpeleka hosi." Kesho yake nikaenda kwa Kiprono. Sasa tuna jike mdogo wa kutoka kwa mbwa wa Kiprono. Ana dawa ya minyoo, ana chanjo, na akifikisha umri atafungwa kizazi. Kibanda chake kina dirisha, amekijenga Kiprono. Hatiwi pilipili. Ni mpumbavu wa mwisho, ametafuna kiatu cha mchungaji, na mtu akipita nyuma ya ua anabweka mpaka anaanguka. Nekesa anamfundisha kukaa, na kila jioni anangoja apige miayo amwangalie meno kwa umbali, mikono nyuma, vile nilivyomwamuru.

Mahindi yamekomaa tena. Mwaka ambao daktari alisema umepita, na bado sijapumua vizuri. Namtazama mtoto kila akinywa kitu, mpaka ananiambia niache. Barasa alinipigia simu wiki hii. Anasema mkono umepona, anasema nije ninyolewe, lakini kisu nikiache Eldoret. Nimemwambia nitafikiria habari ya kisu.

Kwaheri, Baba Nekesa. Nilikupenda, ndiyo maana nakasirika hivi, na hilo kofi silirudishi. Nakuahidi kwamba hakuna mbwa wala paka wa mtaa huu atakayekosa chanjo kwa sababu ya jina lako nikiwa hai. Na tukishavuna nitakuja. Nitakaa chini kwenye mchanga nikubali wembe. Lakini kabla haujanigusa nitamsimamisha Nekesa kando ya kaburi lako, nimpe kikombe cha maji, anywe mpaka kiishe, nasi tumtazame koo wote wawili. Likishuka vizuri, ndipo nitakulilia kama mjane.

Mimi,
Mama Nekesa